Walikimbia, au waliondoka?

Karatasi zilikuwa nne tu, zimebanwa pini pembeni. Kijana mmoja anayetembeza wageni hapa Iringa aliniomba nimwandikie kwa Kiingereza maelezo yake ya Lugalo na Kalenga, mahali pawili ambapo Wahehe walipigana na Wajerumani zamani, kwa sababu wageni wake wengi hawajui Kiswahili, na Kiingereza chake yeye ni cha kuongea. Cha kuandika kinamtesa. Mimi nafundisha Kiingereza sekondari, kwa hiyo niliichukua kazi ile kama kitu cha jioni tatu. Nikaimaliza nyumbani kwangu Kihesa, nikaisoma mara mbili, nikaridhika nayo kabisa.

Kijana akasema haipeleki kuchapwa mpaka babu yake mzaa mama aione. Babu anakaa Kalenga, kilomita kama 15 kutoka mjini, kwenye barabara iendayo hifadhi ya Ruaha. Zamani alikuwa karani kwenye shamba la chai huko Mufindi, enzi ambazo barua za ofisi ziliandikwa kwa Kiingereza, na mpaka leo anakisoma taratibu, kidole kikitembea chini ya mstari.

Tulimkuta ameketi juani, maana ilikuwa Julai, na baridi ya Iringa mwezi huo inaingia mpaka mifupani.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Kamwene."

Akavaa miwani, akasoma ukurasa wa kwanza bila kusema kitu. Wa pili hivyohivyo. Alipofika wa tatu kidole kikasimama.

"Mwalimu, hapa umesema Wahehe walifanywaje?"

Neno alilolishika lilikuwa *routed*.

"Nimesema walishindwa vibaya, babu."

"Kushindwa nakujua. Hili silo." Akavua miwani. "Meneja wetu wa zamani alipigana Vita Kuu ya Pili, na neno hili alikuwa nalo mdomoni. Alilitumia kwa watu waliotupa bunduki wakatawanyika. Sasa niambie wewe uliyesoma. Hapa Kalenga nani alitupa mkuki akakimbia?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimelitumia neno lile mara mbili. Mara ya kwanza kwa kikosi cha Wajerumani kilichoangamia Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, mara ya pili kwa Wahehe siku boma lao la Kalenga lilipotekwa, 30 Oktoba 1894. Nilidhani nimetenda haki: neno moja kwa pande zote mbili, kila upande umeshindwa mara moja na kila upande umepewa cheo kilekile cha kushindwa. Mzee hakulalamikia la Lugalo. Alilalamikia la Kalenga, na alikuwa mtulivu, kama karani anayerudisha barua yenye tarehe iliyokosewa.

Nikamwomba anipe wiki mbili.

Neno hili na mimi tulianza vibaya tangu mwanzo. Nilikuwa kidato cha pili, kwetu Mbeya. Mama alinituma maandazi soko la Mwanjelwa, nikarudi nayo yamefungwa kwenye kipande cha gazeti la Kiingereza. Nilikuwa na tabia ya kusoma kila karatasi ya kufungia, kwa sababu vitabu havikuwa vingi. Kwenye kichwa cha habari ya mpira wa Ulaya kulikuwa na hilo *rout*. Kamusi ndogo ya shuleni haikuwa nalo. Ilikuwa na *route*, njia. Nikaamua kwamba mwandishi amesahau herufi ya mwisho, nikakaa na kosa hilo kwa miaka mitatu.

Aliyenitoa humo ni mwalimu wangu wa kidato cha tano. Siku moja aliandika ubaoni maneno matatu, moja chini ya jingine: *root*, *route*, *rout*. Akatutaka tuyasome kwa sauti. La kwanza ni mzizi, na hutamkwa "ruut". La pili ni njia, na Waingereza hulitamka vilevile, "ruut", ingawa Wamarekani wengi husema "raut". La tatu ni "raut" kote, kwa Mwingereza na kwa Mmarekani. Kwa hiyo ukimsikia Mmarekani akisema "raut" huwezi kujua kwa sikio peke yake kama anaongelea njia au maangamizi. Inabidi usubiri sentensi iishe. Na kwenye maandishi kuna mtego wa pili: ukiyapeleka mawili haya katika wakati uliopita, yote huandikwa *routed*. Basi lililopitishwa Mafinga ni *routed*. Jeshi lililosambaratika ni *routed*. Herufi ni zilezile sita. Nimeshuhudia wanafunzi wakiliweka basi vitani kwa sababu hiyo, na sikuwalaumu.

Kufanana kwa maneno hayo mawili kuna sababu yake. Yanatoka tumbo moja. Kilatini kina neno *rupta*, maana yake kilichovunjika, na Kifaransa cha zamani kiliigeuza kuwa *route*. Huko likazaa watoto kadhaa. Mmoja ni njia, yaani njia iliyovunjwa, iliyopasuliwa kwa nguvu msituni. Sisi hili hatuhitaji kuelezwa. Hapa nyanda za juu barabara huchongwa. Mvua za masika zikiisha greda linapita kuchonga tena barabara ya kijijini, na mtu akienda porini anapasua njia. Mtoto mwingine ni kundi, kipande cha watu kilichokatika kutoka kwa wengine. Kundi hilo liliingia mpaka kwenye sheria za Uingereza: watu watatu au zaidi wakianza kuelekea kufanya fujo, kosa lao liliitwa *rout*, na lilibaki kwenye vitabu mpaka sheria ya mwaka 1986 ilipolifuta. Mtoto wa tatu ndiye huyu wetu: jeshi lililovunjika, watu wanaokimbia bila mpangilio.

Napenda kuwaeleza wanafunzi hivi. Jeshi linapotembea lina njia moja. Likipigwa na bado likarudi nyuma kwa njia moja, limeshindwa, lakini bado ni jeshi. Siku kila askari anaposhika njia yake, huyu bondeni, yule kichakani, hiyo ndiyo *rout*. Wakisikia hivyo, tahajia ya maneno yale mawili haiwasumbui tena.

Nilikuja kuliona neno hilo kwa macho kabla sijalitumia kwenye kazi yoyote. Ilikuwa usiku wa tarehe 8 Julai 2014, nusu fainali ya Kombe la Dunia, Brazil na Ujerumani kule Belo Horizonte. Kwetu mpira ulianza saa tano usiku. Tulikuwa kwenye kibanda umiza, watu wamebanana kwenye mabenchi, makoti mpaka shingoni. Wengi walikuwa upande wa Brazil. Thomas Müller akafunga dakika ya 11, watu wakaguna, kawaida tu. Kisha kati ya dakika ya 23 na ya 29 yakaingia mabao manne. Klose, Kroos, Kroos tena, Khedira. Kulikuwa na vijana walioanza kushangilia kwa kejeli, halafu kibanda kizima kikanyamaza. Walikwenda mapumziko matano kwa sifuri. Mpira uliisha saba kwa moja.

Nikikumbuka usiku ule, idadi ya mabao siyo iliyonikaa kichwani. Nakumbuka walinzi wa Brazil katika zile dakika sita. Mmoja anapanda mbele, mwenzake anabaki, wa tatu anamfuata mtu ambaye hana mpira. Hakuna aliyekuwa akimtazama mwenzake. Mzee mmoja nyuma yangu alisema kwa sauti ya chini, kama mtu aliye msibani, "Hawa hawachezi tena. Kila mtu anajiokoa mwenyewe." Nimefundisha miaka mingi na sijapata maelezo bora ya *rout* kuliko hayo, na mzee yule naamini hakuwahi kulisikia neno lenyewe.

Sisi Waswahili wa mpira hatuna upungufu wa maneno. Timu hunyukwa, hutandikwa, hubamizwa, huchakazwa, hugaragazwa. Mabao matano yana jina lake, mkono. Simba waliipiga Yanga mkono Mei 2012, sifuri upande wa pili, na Yanga wakairudishia Simba mkono Novemba 2023, tano kwa moja, na katika ofisi za walimu nilizokaa hakuna tarehe za historia zinazokumbukwa vizuri kama hizo. Kuna kichapo cha mbwa mwizi. Lakini ukiyapanga maneno haya utaona karibu yote yanaongelea mkono wa anayepiga. Fimbo imeshuka mara ngapi, imeshuka kwa nguvu gani.

Kiingereza nacho kina maneno ya fimbo, na mawili kati yake yalinifurahisha sana nilipoyafuata mpaka asili yake, kwa sababu yalinirudisha nyumbani. La kwanza ni *thrashing*. Limetokana na kitendo cha kupura nafaka. Kwetu Mbeya, maharage yakishakauka, hutandazwa uwanjani juu ya turubai, akina mama na watoto wakazunguka na fimbo, wakapura mpaka maganda yapasuke. Timu iliyopata *thrashing* imepurwa. Mtoto wa mkulima wa Uyole haelezwi hilo mara mbili.

La pili ni *drubbing*, na hili ni ndugu yetu wa damu. Liliingia Kiingereza katika karne ya 17 kupitia wasafiri waliokwenda nchi za Mashariki na kurudi na habari za watu wanaochapwa fimbo kwenye nyayo, na inaaminika kwamba mzizi wake ni Kiarabu, *daraba*, kupiga. Mzizi huohuo ulifika pwani yetu kwa majahazi na kutupa dharuba, yaani pigo, na dhoruba ile ya upepo na mvua. Kwa hiyo Mwingereza anayesema timu yake imepata *drubbing* na baharia wa Kilwa anayesema jahazi limepatwa na dhoruba wanachota kisima kimoja. Nilipoligundua hilo nilikaa kitako, nikalisema kwa sauti peke yangu chumbani, *drub*, dharuba, *drub*, dharuba.

Basi hapo ndipo nilipoanza kuona kosa langu la Kalenga. *Thrashing* na *drubbing* ni maneno ya fimbo. Hayasemi lolote kuhusu moyo wa anayepigwa. Unaweza kupurwa ukiwa umesimama wima. *Rout* linaangalia miguu ya aliyeshindwa. Ukilitumia umetoa ushahidi juu ya watu: umesema walivunjika, waliachana, walikimbia. Haliwezi kutumika kwa sababu tu mabao ni mengi au waliokufa ni wengi. Nilikuwa nimelifundisha miaka yote kama "kushindwa kupita kiasi" na kuendelea na somo lililofuata.

Jambo hilo lilikuja kunikaa vizuri katika wiki zilezile mbili, kwa njia ya wanafunzi wangu. Nasimamia timu ya netiboli ya wasichana. Tulikwenda kucheza na shule kubwa, ugenini, tukafungwa 41 kwa 6. Wenzetu walikuwa warefu, wamefundishwa, wana viatu. Wetu wanne walicheza peku kwa sababu raba zilikuwa zimewachanika njiani wakati wa mazoezi ya wiki nzima. Jumatatu nikawaambia waandike insha ya Kiingereza juu ya mchezo huo. Mlinda goli wetu, msichana mkimya wa kidato cha tatu, aliandika sentensi ya kwanza kwamba tulikuwa *routed*. Tahajia ilikuwa sahihi, na sarufi pia. Mwezi mmoja kabla ya hapo ningempa alama ya vema na kuandika "safi" pembeni.

Nikamwita.

"Hebu nieleze, robo ya mwisho ulikuwa umesimama wapi?"

"Kwenye duara, madam. Golini."

"Na mlinzi mwenzako?"

"Alikuwa na mimi, madam. Tulikuwa tunapokezana kuruka."

"Kuna aliyeacha nafasi yake?"

Akafikiri. Alifikiri kwa uaminifu, nilimwona akimpitia kila mmoja kichwani. "Hapana. Mpaka filimbi."

"Basi neno hili si lenu. Tafuta jingine."

Alirudi na *thrashed*. Nikampa vema yake. Sikumweleza sana, ila niliona alivyotembea kurudi kwenye dawati lake. Mtoto huyu alikuwa amebeba zile pointi 41 tangu Jumamosi kama aibu ya kukimbia, na hakuwa amekimbia.

Jumamosi iliyofuata nilirudi kwenye historia yenyewe, nikaisoma upya kwa swali moja tu: nani alikimbia?

Lugalo kwanza. Emil von Zelewski, kamanda wa Wajerumani ambaye watu walimpa jina la Nyundo, alikuwa ametoka Kilwa na kikosi cha askari, wengi wao Wasudani na Wazulu, wapagazi, na mizinga na bunduki za Maxim zimepakiwa juu ya punda. Huyu ni yuleyule aliyekuwa wakala wa kampuni ya Wajerumani Pangani mwaka 1888, na jeuri yake ilichangia kuwasha vita ya Abushiri, ile ya watu wa pwani dhidi ya Wajerumani. Wahehe walijificha pembeni mwa njia, msafara ukaingia katikati ukiwa umenyooka mstari mrefu, na wakarukiwa kabla silaha kubwa hazijashushwa. Kwa dakika chache sehemu ya mbele ilikuwa imekwisha. Zelewski mwenyewe alikufa kwa mkuki. Walikufa Wazungu 10 na askari zaidi ya 200, na wapagazi wengi ambao majina yao hatunayo. Wahehe nao walizika watu wengi. Mnara wa kumbukumbu upo mpaka leo, jirani na barabara kuu ya kwenda Morogoro, na mabasi hupita bila kupunguza mwendo.

Halafu Kalenga. Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alikuwa amelizungushia boma lake ukuta wa mawe. Watu wakaliita Lipuli, jina ambalo vijana wa leo wanalijua zaidi kama timu ya mpira. Hata Iringa yenyewe jina lake limetokana na neno la Kihehe la ngome, lilinga. Wajerumani walisubiri miaka mitatu, kisha Gavana Friedrich von Schele akaja mwenyewe. Wakalipiga boma kwa mizinga, wakauparamia ukuta, wakapigana ndani, nyumba kwa nyumba. Boma likaanguka. Mkwawa akatoka.

Hapo mimi niliweka nukta nilipoandika mara ya kwanza. Boma limeanguka, mwenyewe ametoka, basi *routed*. Lakini hesabu ya mzee iliendelea mbele. Ukiacha Oktoba 1894 ukaenda mpaka Julai 1898 unakuta karibu miaka minne. Katika miaka hiyo Wajerumani walijenga boma lao jipya la Iringa, wakachoma chakula vijijini, wakatangaza zawadi ya rupia 5,000 kwa kichwa cha Mkwawa. Na kwa muda wote huo watu walimficha, wakamlisha, wakapeleka habari kutoka kilima mpaka kilima. Watu waliosambaratika hawawezi kazi hiyo. Kumficha mtu mmoja kwa miaka minne kunataka maelfu ya watu wanaoaminiana. Tarehe 19 Julai 1898 alijipiga risasi Mlambalasi askari walipomkaribia, ili asishikwe akiwa hai. Kichwa chake kilikatwa, fuvu likapelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa 1919, ule uliofunga Vita Kuu ya Kwanza, una kifungu, cha 246, kinachoitaka Ujerumani ilirudishe. Lilirudi 19 Juni 1954, likakabidhiwa na Gavana Edward Twining, na liko pale Kalenga kwenye makumbusho, mwendo mfupi kutoka kwa mzee aliyenisimamishia kidole.

Nilifuta neno. Nikaandika kwamba boma lilitekwa, kwamba waliokuwa wakililinda waliondoka, na kwamba waliendelea kupigana kwa karibu miaka minne. Kwa Kiingereza nililazimika kuchagua kwa makini: *fell* kwa boma, kwa maana ukuta unaweza kuanguka, na *withdrew* kwa watu, kwa maana anayeondoka anajua anakokwenda. Niliangalia pia Kiswahili cha kijana, kule kazi ilikoanzia. Yeye alikuwa ameandika "walishindwa". Hakuwa amekosea hata kidogo. Kosa la kuwakimbiza lilikuwa langu, niliwakimbiza kwa sababu neno nililolipenda lilikuwa karibu na mkono.

Nikirudi nyuma kwenye ukurasa wa pili nikakuta tatizo jingine, na hili mzee hakuliona. La Lugalo. Sehemu ya mbele ya msafara wa Zelewski ilivunjika kweli. Waliookoka walikimbia porini, kila mtu na njia yake, na hapo *rout* linakaa pahala pake. Lakini nyuma kabisa ya msafara kulikuwa na luteni mmoja, von Tettenborn, na kikosi cha ulinzi wa nyuma. Hawa walipanda kilima, wakasimama hapo, wakawakusanya wenzao waliojeruhiwa na waliopotea, kisha wakaondoka pamoja. Nilikuwa nimelisoma jambo hilo tangu mwanzo na nikaliacha nje. Nilijua kwa nini nililiacha. Simulizi ya Lugalo ni tamu zaidi bila wao.

Wiki mbili zilipoisha tukarudi Kalenga. Safari hii mzee alikuwa ndani, jikoni, karibu na moto, na bibi alitupa chai kabla hatujasema chochote. Alisoma ukurasa wa tatu kwanza. Kidole kikatembea chini ya mstari, kikapita pale kilipokuwa kimesimama, kikaenda mpaka mwisho. Akatikisa kichwa kukubali, akanirudishia karatasi.

"Sasa hivyo ndivyo ilivyokuwa."

Ningeweza kuondoka hapo. Nilikaa na kikombe changu, nikaona siwezi.

"Babu, kuna kitu Lugalo sijakiandika."

Nikamweleza habari ya kilima. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, mkono sikioni. Nilipomaliza akauliza walikuwa wangapi. Nikamwambia walikuwa wachache. Akauliza kama waliwaacha majeruhi. Nikamwambia walikusanya waliowafikia.

"Na hao umewaweka pamoja na waliokimbia?"

"Sijawataja kabisa, babu. Ni Wajerumani na askari wao."

"Najua ni akina nani. Risasi yao ilimpata baba mkubwa wa babu yangu." Akasogeza kuni moja ndani. "Walikimbia?"

"Hawakukimbia."

"Basi waandike."

Kijana alishatoa kalamu mfukoni, akanisogezea ukurasa wa pili.